Ukimtaka aksolotli Goma, anza na bidoni

*Mnyama wa Mexico aliyependwa na vijana kupitia simu angeweza kuizoea baridi ya Goma kuliko joto la Mombasa. Kinachomuua ni maji, na mji huu una maji ya namna tatu, kila moja na madhara yake.*

Alfajiri kwenye ufukwe wa Kituku, magharibi mwa Goma, foleni ya bidoni za manjano huanzia majini. Mtu huingia mpaka magotini, hujaza lita zake 20, na anapopanda na mzigo hukutana na mhudumu aliyeshika bomba la sindano lisilo na sindano. Mhudumu huvuta klorini kutoka kwenye chupa, huisukuma ndani ya bidoni, kifuniko kinafungwa, na maji yanaelekea mjini mgongoni, kwenye pikipiki au juu ya chukudu, kile kigari cha mbao. Baada ya nusu saa vijidudu vya kipindupindu vilivyokuwemo vimekufa, na mtoto atakayeyanywa yuko salama. Lakini samaki, kiluwiluwi au mnyama yeyote anayepumua kwa matamvua akitiwa ndani ya maji hayohayo, matamvua yake yataanza kuungua papo hapo.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Aksolotli, salamanda wa Mexico asiyetoka majini maisha yake yote, ameingia katika fikra za vijana wa dunia nzima bila kupita bandari yoyote. Mwaka 2021 aliongezwa katika mchezo wa kompyuta wa Minecraft, na mwaka huohuo benki kuu ya Mexico ikaweka picha yake kwenye noti ya peso 50. Uso wake unaoonekana kucheka na matamvua yake yanayoning'inia nje ya kichwa vimemfanya atamanike, na kinachotamanika hutafutwa kwa kila njia. Wanaouza wanyama wa matangi huwaambia wanunuzi kwamba ni rahisi kumtunza: tangi, chakula, na chupa ya dawa akiugua. Maelezo hayo yana kasoro kila mahali, lakini Goma kasoro yake ni kubwa zaidi. Karibu kila ugonjwa wa aksolotli ulioandikwa na wanaomfuga huanzia kwenye maji. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkazi wa Himbi, Katindo au Majengo anayemtaka linahusu maji yatakayojaza tangi, na bei ya mnyama au dawa zake inaweza kusubiri. Swali hilo pia linamhusu anayefuga tilapia kwenye bwawa la saruji nyuma ya nyumba, hata kama hajawahi kulisikia jina la aksolotli.

Mnyama wa nyanda za juu

Tuanze na linalomfaa, maana lipo. Asili ya aksolotli ni maziwa ya Xochimilco na Chalco, kusini mwa Jiji la Mexico, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, katika nchi ya tropiki iliyozungukwa na volkano. Goma nayo ni mji wa tropiki chini ya volkano, kando ya ziwa lililo mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto la hewa yake hauendi mbali na nyuzi 20 za Selsiasi. Aksolotli hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 18, huvumilia 20, na yakipita 24 anaanza kuteseka: hula kidogo, huelea, ncha ya mkia hujikunja, na kuvu nyeupe hupata nafasi kwenye matamvua. Kwa hiyo anayemweka Mombasa au Dar es Salaam bila mashine ya kupooza maji anamtesa, tena kwa gharama kubwa. Goma, tangi lililo kwenye chumba chenye kivuli, mbali na bati linalopata jua la mchana, linaweza kukaribia kiwango anachokihitaji. Wajuzi wengi wa Afrika Mashariki wasingeutarajia mji huu kuwa na nafasi hiyo.

Huko kwao, hata hivyo, hali yake ni mbaya. Wanasayansi wa Mexico waliohesabu aksolotli katika mifereji ya Xochimilco walikadiria 6,000 kwa kila kilomita ya mraba mwaka 1998, 100 mwaka 2008, na 36 hivi mwaka 2014. Maji machafu ya jiji yalichangia. Wavamizi wawili walichangia pia: samaki aina ya kapu kutoka Asia, na tilapia kutoka barani kwetu, waliopandwa humo ili kuwapa watu chakula wakaishia kula mayai na makinda ya mwenyeji. Tutarudi kwenye tilapia huyo, kwa sababu anaeleza upande wa pili wa hoja. Aksolotli walioenea katika maabara na majumbani kwa sehemu kubwa ni uzao wa kundi dogo lililopelekwa Paris mwaka 1864, ambapo mtaalamu Auguste Duméril alipokea sita, jike likiwa moja. Wanyama waliozaliana kwa ukaribu namna hiyo kwa zaidi ya miaka 150 hawana akiba kubwa ya uvumilivu, na kosa ambalo samaki wa kienyeji angelistahimili linaweza kuwaangusha.

Ziwa lina chumvi zake

Maji yaliyo karibu zaidi ni ya Ziwa Kivu, na hata maji ya bomba ya REGIDESO, shirika la maji, chanzo chake kikuu ni hilohilo ziwa. Kwa macho ni maji safi. Kwa kemia ni maji ya pekee, maana chemchemi za chini ya ziwa huleta chumvi na gesi kutoka kwenye miamba ya volkano, magnesiamu na bikaboneti zikiwa nyingi, na matokeo yake kipimo cha pH juu ya ziwa husimama karibu na 9. Maji yasiyoegemea upande wa asidi wala wa besi yana pH ya 7, na kila namba moja kwenye kipimo hiki ni ongezeko la mara kumi. Aksolotli anataka kati ya 6.5 na 8, vizuri zaidi ikiwa 7.5 hivi. Maji magumu yenye madini hayamsumbui, kwa kweli anayapenda. Kinachomsumbua ni kile ambacho pH ya 9 inakifanyia kinyesi chake mwenyewe.

Kila mnyama wa majini hutoa amonia, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua. Amonia ndani ya maji huwa na sura mbili: moja haina madhara makubwa, nyingine hupenya ngozi na matamvua na kuunguza. Kinachoamua kila sura iwe na fungu gani ni pH pamoja na joto. Maji yakiwa na nyuzi 20 na pH ya 7, sura yenye sumu haifiki nusu ya asilimia moja ya amonia yote. Yakiwa na nyuzi hizohizo na pH ya 9, ni asilimia 28 hivi. Mnyama ni yuleyule, chakula ni kilekile, uchafu ni uleule, lakini sumu imeongezeka karibu mara 70 kwa sababu tu tangi limejazwa maji ya ziwa. Na sumu hiyo kwa kiwango kinachoua haina rangi wala harufu. Wakazi wa Bulengo wanaoijua mazuku, ile gesi inayokaa mabondeni na kuua mbuzi kabla mtu hajahisi lolote, hawatahitaji maelezo zaidi.

> Maji yakitoka pH 7 kwenda 9, amonia yenye sumu huongezeka karibu mara 70, bila mnyama kuongeza hata punje ya kinyesi.

Kuna pingamizi la haki hapa, na wavuvi ndio watakaolitoa kwanza. Ikiwa maji ya Kivu ni mabaya hivyo, sambaza wanaishije humo, na tilapia wa kwenye vizimba wananenepaje? Jibu la kwanza ni kwamba samaki wa ziwa hili wamelizoea, na aksolotli hakulizoea. Jibu lenye uzito zaidi ni la ukubwa. Ziwa Kivu lina maji ya takriban kilomita za ujazo 500, na amonia ya samaki hupotea humo kabla haijajikusanya, ikiliwa na mimea na bakteria. Tangi la lita 80 halina pa kuipeleka. Mfugaji wa tilapia anayejenga bwawa la saruji, akalijaza maji ya ziwa na kuwatia samaki wengi, amechukua kemia ya ziwa akaacha ukubwa wake. Samaki wake wakianza kuhema juu ya maji asubuhi, wakiwa na matamvua mekundu au ya kahawia, hatapata dukani dawa itakayobadilisha hesabu hiyo.

Mvua ya Nyiragongo

Wapo watakaosema: basi tukinge mvua. Ni wazo zuri katika miji mingi, na nyumba nyingi za Goma tayari zina pipa chini ya bati. Lakini mvua ya hapa hupita kwenye moshi wa mlima kabla haijafika kwenye bati. Tangu mlipuko wa Januari 2002, Nyiragongo imekuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa zaidi duniani vya gesi ya salfa, ikiandamana na gesi za klorini na floridi. Watafiti waliopima mvua upande ambao upepo hupeleka moshi huo, kuelekea Rusayo, wamekuta maji yenye asidi na floridi iliyopita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachowekwa na Shirika la Afya Duniani. Kiasi hubadilika kwa msimu, kwa mtaa na kwa hasira ya mlima, kwa hiyo pipa la Ndosho na pipa la Birere si lazima yalingane.

Tatizo la pili la mvua halionekani siku ya kwanza. Maji ya mvua hayana madini ya kuzuia pH isiyumbe. Bakteria wanaosafisha tangi hutengeneza asidi kidogo wanapofanya kazi, na kwenye maji yasiyo na kinga asidi hiyo hurundikana mpaka pH inaporomoka, bakteria wenyewe wanalala, na amonia inaanza kupanda upya. Mfugaji huona tangi lililokuwa zuri kwa miezi miwili likiharibika ndani ya wiki. Kwa sababu hiyo kuchanganya kidogo maji ya ziwa na mengi ya mvua kuna mantiki: bikaboneti za ziwa huifunga asidi ya mvua. Tahadhari ni kwamba pH haigawanyiki kama sukari kwenye chai. Sehemu moja ya ziwa kwa tatu za mvua haitashusha 9 ikawa 7.5, itaishusha kidogo kuliko mtu anavyodhani, ndiyo maana mchanganyiko unapaswa kupimwa kabla ya kuaminiwa.

Maji ya tatu ni yale yenye klorini. Hapa lazima pasemwe wazi, kwa sababu upotoshaji wake unaweza kuua watu: hakuna hoja yoyote katika makala haya ya kupunguza klorini kwenye maji ya kunywa. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma na kuchota ziwani, kipindupindu na kuhara damu viliwaua takriban watu 50,000 ndani ya mwezi mmoja. Lava ya 22 Mei 2021 ilipoharibu hifadhi na mabomba ya maji kaskazini mwa mji, takriban watu nusu milioni walikosa maji safi. Mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na familia zikarudi ufukweni na bidoni. Klorini imelinda mji huu mara nyingi kuliko bunduki yoyote. Kinachotakiwa ni bidoni mbili zisizochanganywa kamwe: ya watu, yenye klorini, na ya mnyama, iliyoachwa wazi siku moja au mbili na kukorogwa mara kwa mara mpaka klorini iondoke, au iliyotiwa tiosulfati ya sodiamu, chumvi inayoimaliza klorini papo hapo. Maji yenye klorini yakimwagwa kwenye tangi lenye amonia tayari, viwili hivyo huungana na kuwa kloramini, ambayo haiondoki kwa kuachwa wazi.

Dalili na chupa za dawa

Sasa tuingie kwenye magonjwa yenyewe, maana hapo ndipo mnunuzi hudanganyika. Aksolotli mwenye afya ana matamvua yenye nyuzinyuzi ndefu, nyekundu au nyeusi kufuatana na rangi yake, na hutembea chini ya tangi polepole. Anapoanza kuumia, nyuzi hizo hufupika na kupauka, vishina vya matamvua hupinda mbele, ngozi huonyesha mishipa myekundu, na mwishowe nyuzi nyeupe za kuvu hujitokeza kwenye kidonda au ncha ya tamvua. Mfugaji huiona kuvu kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana, kisha hununua dawa ya kuvu. Lakini mbegu za kuvu hiyo zimo katika karibu kila maji, na mnyama mzima huishi nazo bila shida. Zimepata nafasi kwa sababu amonia imechubua ngozi, au joto limeishusha kinga ya mwili. Vivyo hivyo kwa bakteria aina ya Aeromonas wanaoleta wekundu kwenye miguu na tumbo. Dawa inaweza kuondoa kuvu ya Jumatatu. Maji yakibaki vilevile, ya Ijumaa itakuja. Na hatari imo ndani ya chupa yenyewe: ngozi ya aksolotli hufyonza vitu moja kwa moja, hivyo dawa za samaki zenye shaba, au kipimo cha kawaida cha samaki, vinaweza kumuua kabla ya ugonjwa.

Siyo kila maradhi yanatoka kwenye kemia, na itakuwa ubishi mtupu kudai hivyo. Aksolotli hula kwa kufyonza, anapofungua kinywa kila kilicho karibu huingia, na changarawe ndogo kuliko kichwa chake huweza kuziba utumbo. Makinda yakiwekwa pamoja hung'atana miguu. Miguu huota tena kwa wiki kadhaa, jambo lililowafanya wanasayansi wampende, lakini kidonda katika maji machafu huoza kabla hakijaota. Hata hapa maji yamerudi mlangoni.

Asiyeamini kwamba utunzaji hushinda dawa aangalie Tanzania. Chura mdogo wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 kwenye rasharasha za maporomoko ya mto huo, alipoteza makazi yake bwawa la umeme lilipochukua karibu asilimia 90 ya maji. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa katika bustani za wanyama za Marekani, kwenye matangi yaliyosimamiwa na madaktari wa wanyama wenye kila chombo. Walikufa kwa wingi hivihivi. Mwishoni mwa 2004 walikuwa wamebaki chini ya 70. Hali ilibadilika baada ya wataalamu kuelewa mahitaji yao hasa ya mwanga, ukungu wa maji na lishe. Baada ya hapo waliongezeka hadi maelfu, wakaanza kurudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010 na baadaye Kihansi kwenyewe. Ikiwa wataalamu wenye fedha walihitaji miaka minne kuyaelewa matangi yao, muuzaji anayesema aksolotli hana kazi anauza kitu asichokijua.

Jiwe jeusi

Kinachosafisha tangi kila siku ni bakteria. Kundi moja hubadilisha amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi lingine hubadilisha nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Makundi haya hayaji na tangi jipya. Hujijenga kwa wiki nne hadi nane, na katika muda huo mnyama hatakiwi kuwemo: tangi hulishwa amonia kidogo, au chakula kinachooza, mpaka vipimo vya amonia na nitriti viwe sifuri siku baada ya siku. Mfugaji anayeleta tangi na mnyama siku moja amempeleka mnyama mahali ambapo choo hakijachimbwa.

Bakteria hao wanahitaji mahali pa kushika, na katika hili Goma ni tajiri kuliko Paris. Jiwe jeusi la lava, lenye matundu yasiyohesabika, linauzwa nje kwa mfuko kama kitu maalumu cha kuwekea bakteria wa matangi. Hapa watu wanajengea kuta, wanalivunjia barabarani, wanaumizia vidole. Ndoo ya plastiki iliyojaa vipande vya lava vilivyooshwa vizuri, maji ya tangi yakipitishwa humo kwa pampu ndogo, ni kichujio kinachofanya kazi sawa na cha bei. Lisiwekwe tu sakafuni mwa tangi, maana kingo zake hukata ngozi na vipande vyake humezwa. Chini pabaki tupu au mchanga laini.

Umeme ndio udhaifu wa mpango huu. Pampu ikisimama, bakteria ndani ya ndoo hukosa oksijeni, na baada ya saa kadhaa huanza kufa. Umeme ukirudi, pampu husukuma uchafu uliooza moja kwa moja kwenye tangi, na mfugaji aliyelala na mnyama mzima huamka na mgonjwa. Baada ya umeme kukatika kwa muda mrefu, ndoo ifunguliwe, mawe yasuuzwe kwa maji yaliyotolewa kwenye tangi, kamwe si kwa maji ya klorini, kisha pampu iwashwe.

Je, ni anasa?

Pingamizi zito kuliko yote ni la kimaadili. Katika mji ambao mama anatembea na bidoni mgongoni, nani ana haki ya kumwagia mnyama wa urembo maji? Swali hili halijibiwi kwa kejeli, wala kwa kusema kila mtu ana uhuru wake. Linajibiwa kwa hesabu. Aksolotli mmoja mzima anahitaji tangi la lita 80 hivi, yaani bidoni nne za kuanzia. Tangi lililokomaa, lenye bakteria wake, hubadilishwa robo ya maji kwa wiki: bidoni moja. Tangi lisilokomaa, ambalo mwenyewe anajaribu kuokoa mnyama anayeungua, hutaka robo hiyo kila siku: bidoni saba kwa wiki, na bado mnyama huenda akafa. Tofauti ya bidoni sita ndiyo gharama ya kutojua, na ni maji yanayobebwa mgongoni na mtu fulani, mara nyingi msichana wa nyumba hiyo ambaye tangi si lake.

> Tangi lililokomaa hutaka bidoni moja kwa wiki. Tangi la mtu asiyejua hutaka saba.

Kwa hiyo msimamo wa makala haya ni mkali kuliko wa wanaokataza kabisa na wa wanaoruhusu kabisa. Nyumba ambayo bidoni moja ya ziada kwa wiki ni mzigo haipaswi kuwa na tangi la urembo, la aksolotli wala la samaki wa dhahabu. Nyumba inayoimudu bidoni hiyo lakini haina kipimo cha maji haipaswi pia. Na mfugaji wa tilapia, ambaye maji yake ni chakula na ada za shule, ndiye anayestahili kupata elimu hii kwanza, kwa kuwa bwawa lake linaendeshwa na amonia ileile, pH ileile na bakteria walewale.

Maji yanayotoka

Kinachosahaulika ni bidoni ya maji machafu inayotoka kila wiki. Goma imejengwa juu ya lava. Maji yanayomwagwa uani hupotea kwenye nyufa, na njia yao ni kuelekea ziwani. Maji hayo yanaweza kubeba kuvu ya kitridi, ambayo wanasayansi waliipa jina rasmi mwaka 1999. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2019 ulihusisha kuvu hii na kupungua kwa spishi zisizopungua 501 za vyura na jamaa zao, 90 kati yao zikidhaniwa zimetoweka. Hata chura wa Kihansi aliyekuwa amebaki porini aliangamia mwaka 2003, na kuvu hiyo ilikutwa kwenye maiti. Aksolotli wa Mexico wamepimwa wakakutwa nayo bila kuonyesha dalili yoyote, na mbebaji wa namna hiyo ni hatari zaidi kwa sababu hakuna anayemshuku.

Kivu ina cha kupoteza. Xenopus vestitus, chura mwenye makucha anayeishi majini muda wote, ni wa nyanda hizi za Kivu, Rwanda na kusini magharibi mwa Uganda. Ndugu yake Xenopus itombwensis wa milima ya Itombwe alitambuliwa kisayansi mwaka 2008 tu. Atakayesema kwamba kuvu ya kitridi imeshagunduliwa mashariki mwa Kongo, hivyo hakuna cha kulinda, amesahau kwamba kuvu hiyo ina koo nyingi zenye ukali tofauti, na kwamba kuleta ukoo mpya mahali penye wa zamani kunaweza kuzaa mchanganyiko mkali zaidi. Na mnyama mwenyewe akichokwa asitupwe ziwani. Sambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa makusudi, wakawa kitoweo cha mji. Lakini Lamprichthys tanganicanus, samaki mwingine wa Tanganyika anayependwa pia kwenye matangi, alionekana Kivu miaka ya 2000 bila mtu kumwalika, na sasa anagombea chakula na sambaza. Xochimilco iliharibiwa na tilapia wa Afrika. Kivu haina sababu ya kupokea malipo ya deni hilo.

Dawa ya maji yanayotoka ni klorini ileile iliyokuwa adui wakati wa kuingia. Maji ya tangi la mnyama wa kigeni yatiwe maji ya javeli, yaachwe saa kadhaa, yamwagwe mbali na mfereji. Ya bwawa la tilapia wa hapahapa hayahitaji hilo. Nitrati yake ni mbolea, na lengalenga huyapokea vizuri.

Vifaa vya kupimia vinapatikana nusu. Wahudumu wa vituo vya klorini hutumia kikasha kidogo cha plastiki chenye vyumba viwili: kimoja hupima klorini iliyobaki, kingine hupima pH kwa rangi. Rangi hizo huishia 8.2 au 8.4, hivyo maji ya Kivu huonyesha rangi ya mwisho na mpimaji hajui yamezidi kiasi gani, lakini kwa mchanganyiko wa mvua na ziwa kikasha hicho kinatosha. Kinachokosekana ni kipimo cha amonia, chupa mbili tatu za vimiminika na karatasi ya rangi. Chama cha wafugaji wa samaki kikiagiza kasha moja, linaweza kuhudumia mtaa mzima kwa miezi. Kabla halijafika Birere na kuuzwa kando ya vyakula vya kuku, mtu anayetaka kumleta aksolotli Goma ajaze lile tangi lake vifaranga vya tilapia, wachache, na ajifunze kwao.